Faili Moja la Ziada

Kuna watu wakikuambia "subiri kidogo," unajua hapo leo hutoki. Ustadhi Shehata, mtunza ghala wa ofisi ya mifereji ya Kafr Abu Simsim, alikuwa kiongozi wao. Alhamisi ile, siku ya mwisho ya Bi Inshirah kazini kabla ya kustaafu, mwanamke wa watu alikuwa ameshaambiwa "subiri kidogo" mpaka masikio yanamwasha.

Na hakuwa na muda wa kusubiri. Alfajiri ya Jumamosi ndege ya mahujaji ilikuwa inaondoka, na yeye na dada yake Hamdiya walikuwa wamo. Miaka nenda miaka rudi walikuwa wakiingia kwenye bahati nasibu ya Hija wakitoka mikono mitupu, na mwaka huu majina yao yalitoka pamoja. Hamdiya ndiye aliyemlea Inshirah mama yao alipofariki. Sasa macho yake yamefifia, hafiki hata msalani bila kushikwa mkono, sembuse Makka. Inshirah asipokwenda, Hamdiya naye haendi. Ofisi ya safari ilishasema wazi wazi: mtumishi wa serikali alete barua ya kutodaiwa, yenye muhuri wa tai, ile nembo ya serikali, kabla hawajafunga Alhamisi hiyo saa nane mchana. Asipoileta, viti vyote viwili wanapewa watu wa akiba.

Barua yenyewe ni mistari minne. Lakini haitoki mpaka Ustadhi Shehata aseme.

Unazijua ofisi zetu. Kila kitu cha serikali kina mtu anayekibeba shingoni. Kiti kiko kwenye dhamana ya fulani, feni iko kwenye dhamana ya fulani, na huyo fulani hastaafu, hahamishwi, nadhani hata hafi kwa raha, mpaka akabidhi kimoja kimoja na kila kimoja kitiwe sahihi. Wiki nzima Bi Inshirah alikuwa akikabidhi. Alikabidhi meza. Alikabidhi feni nzima na feni mbovu, na ile mbovu ndiyo iliyoleta maneno, maana kwenye karatasi imeandikwa ina mapanga matatu na yenyewe ilikuwa na mawili. Panga la tatu likaja kuokotwa juu ya kabati, limejaa vumbi. Akamshukuru Mungu kama aliyeokota dhahabu.

Ilibaki folda. Ndani ya kompyuta ya Bi Inshirah kulikuwa na folda moja inaitwa Ramani, na humo zilikuwamo ramani za mifereji yote ya wilaya, mikubwa kwa midogo, hadi vijifereji vya kunyweshea vitunguu. Alizipitisha kwenye mashine ya kuskani moja moja, miaka kadhaa, panya wakizila upande wa pili. Mafaili elfu moja na kitu. Sasa yalikuwa yanakwenda kwa Mervat, binti wa meza ya pili, ndiye anayemrithi. Bi Inshirah alidhani atasema tu "Mervat, haya," na Mervat ajibu "nimepokea," kisha wanywe chai.

"Umepokea nini?" akauliza Ustadhi Shehata, miwani imekaa kwenye ncha ya pua.

"Ramani," akasema Mervat.

"Ziko wapi?"

"Si hizi humu!" Bi Inshirah akaipiga kompyuta kofi la mgongo.

"Humu mimi naona kompyuta. Kompyuta nimeshaiandika. Vilivyo tumboni mwake ni dhamana nyingine. Niletee orodha. Karatasi, jina la kila faili, namba yake, na jumla chini. Tutie sahihi watatu, kila ukurasa."

"Lakini ustadhi, yote yanaonekana kwenye skrini."

"Skrini haitiwi sahihi, Hajjat."

Hajjat! Na bado hajanusa hata mlango wa uwanja wa ndege. Bi Inshirah akaimeza hiyo. "Sawa. Nitaprinti, dakika tano."

"Haraka haraka haina baraka," akasema Shehata, akakaa pale pale kwenye kiti cha wageni kungojea.

Basi njoo uone. Wewe ushawahi kujaribu kuprinti majina ya mafaili yaliyomo kwenye folda? Barua unaprinti. Picha unaprinti. Ramani ya mfereji yenye urefu wa shuka unaprinti. Majina tu, majina matupu, unazunguka kila mahali na hakuna kitufe. Bi Inshirah alibofya kulia, alibofya kushoto. Mwisho akachagua mafaili kumi ya mwanzo kwa majaribio, neno la kuprinti likajitokeza, akalibofya kwa furaha. Printa ikakohoa, ikaanza kutema. Haikutema majina. Ilitema ramani zenyewe, mfereji baada ya mfereji, wino mweusi ukimwagika kama bure.

"Simamisha! Simamisha!" akapiga kelele Mervat.

"Haisimami!"

"Chomoa waya, mama!"

Wakachomoa waya. Mfereji wa tano ukabaki nusu ndani nusu nje. Shehata akauchomoa taratibu, akautazama, akauweka mezani. "Karatasi hizi zitaandikwa kama matumizi," akasema, akatoa kalamu mfukoni.

Hapo mori ulianza kupanda, lakini Bi Inshirah alijizuia. Mtu anayekwenda Hija hagombani. Wiki nzima alikuwa anazunguka mtaani kuomba radhi, kwa muuza taamiya, zile bajia za maharage, kwa jirani wa juu waliyegombania kamba ya nguo, kwa wifi yake hata, na yule wifi, Mungu anajua, radhi ilitakiwa iombwe upande mwingine. Asubuhi ile nayo wenzake wa ofisini walipita mmoja mmoja kumuaga na kumpa majina ya kuombewa. Na sisi mtu haombewi kwa jina la baba. Anaombewa kwa jina la mama, fulani mwana wa fulani. Ndipo utawaona wanaume wazima, vitambi na funguo za magari, wanainama kumnong'oneza Bi Inshirah jina la mama zao huku wanaangalia mlangoni, maana mwanamume wa kwetu afadhali umwone na nguo ya ndani kuliko umjue mama yake anaitwa nani. Wengine waliandika kwenye kipande cha karatasi wakakikunja mara nne. Yale ya kunong'onwa aliyaandika mwenyewe, vyote akavitia kwenye pochi.

Shehata peke yake hakuleta jina. Mervat alipomtania, "Ustadhi, na wewe huombewi?" alijibu kwamba yeye ana kazi.

"Huyo hajulikani hata kama alizaliwa na mama," Mervat akamnong'oneza Bi Inshirah. "Fomu ya bima ilipokuja, safu ya jina la mama aliijaza ameifunika kwa kiganja, kama mtoto anayeogopa kuigiwa mtihani."

Turudi kwenye orodha. Jaribio la pili lilikuwa la Mervat. Alisema wapige picha ya skrini, washuke, wapige tena, mpaka mwisho. Wakapiga. Wakashuka. Wakapiga. Macho yakawatoka machozi. Walipomaliza sehemu ya kwanza wakamwonyesha Shehata, kwa tahadhari, wajue kama anakubali.

Akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa pameandikwa 'Mfereji wa Abu', halafu nukta tatu. Abu nani?"

"Jina refu, ustadhi, kompyuta imelikata."

"Mfereji umekatwa na mimi nitie sahihi? Wakulima wa huko watanywa nini?" Akacheka mwenyewe. Alikuwa na kicheko cha puani, kama mtu anayezuia chafya, na siku ile kilimchoma Bi Inshirah kuliko tusi.

Simu ikalia. Hamdiya. "Inshirah, nimekuwekea sabuni isiyo na harufu. Mbili. Za harufu haziruhusiwi ukishatia nia, wasije wakakudanganya sokoni. Barua umeipata?"

"Karibu, dada."

"Karibu ya wapi? Saa ngapi sasa?"

"Karibu, nimekwambia." Akakata simu kabla sauti haijamsaliti.

Njia ya tatu ilitoka kwa mume wa Mervat, anayetengeneza simu sokoni na kwa hiyo anajua kila kitu. Kwa simu akawaamuru wafungue kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, waandike neno hili, waache nafasi, waweke mshale, waandike jina la faili. Wakafanya. Kidirisha kikapepesa, kikatulia. Na kweli, faili likatokea, na ndani yake orodha ndefu, imepangwa mstari kwa mstari. Mervat akapiga kigelegele kabisa, kile cha harusini. Bi Inshirah akabusu skrini.

Wakaprinti. Zikatoka kurasa, nyingi, safi, za moto. Bi Inshirah akainua ya kwanza, akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

Alama za kuuliza. Mstari mzima alama za kuuliza, halafu mwingine, halafu mwingine. Kidirisha cheusi hakijui herufi zetu za Kiarabu. Kila palipokuwa na jina la mfereji pamekuwa na maswali matupu, ukurasa baada ya ukurasa.

Shehata akaushika ukurasa kwa vidole viwili. "Hajjat, unataka nipokee mifereji au nipokee maswali?"

"Ustadhi, nakuomba—"

"Maana kama ni maswali, hata mimi ninayo."

Hapo ndipo Bi Inshirah alipotoka nje, akasimama kwenye ngazi, akapumua. Chini uani muuza ful, maharage ya kifungua kinywa, alikuwa anafunga mkokoteni wake, maana yake siku imekwenda. Na Alhamisi yule mwenye muhuri wa tai huondoka mapema, kila mtu analijua hilo, anakwenda kijijini kwa mkewe wa kwanza. La haula! Miaka yote ya kazi, hajachelewa, hajaiba hata klipu, na sasa ananyimwa Makka na printa.

Akawaza jambo ambalo hakupenda kuliwaza. Akawaza kwamba Shehata anafanya makusudi. Ofisi nzima inajua kwamba Shehata naye huingia bahati nasibu kila mwaka, na kila mwaka jina lake halitoki. Siku majina ya Inshirah na dada yake yalipotangazwa, wote walikuja kumkumbatia, yeye alimwambia "mabruki" bila kuinua macho kwenye daftari lake la sabuni za ghala. Wivu, akasema Bi Inshirah moyoni. Wivu wa mwanamume ni mbaya kuliko wa mke mwenza.

Aliporudi ndani Mervat alikuwa anaruka ruka. Ameipata. Si mumewe, ni yeye mwenyewe, kwa kubonyeza ovyo: unachagua mafaili yote, unashikilia kitufe cha shifti, unabofya kulia, panatokea neno la kunakili, kisha unakwenda kumwaga kwenye ukurasa mpya wa kuandikia. Majina yote yakamwagika, kwa herufi zetu, mazima, hakuna hata moja lililokatwa. Wakayapa namba, wakaweka jumla chini. Bi Inshirah akaiita "Orodha", akaihifadhi, akaprinti.

Printa ikakwama mara mbili. Wakaifungua, wakaipigia dua, wakaifunga. Ikamaliza.

"Kwa nini kila jina limefungwa kwenye alama za kunukuu?" akauliza Shehata. "Nani kayasema haya?"

"Ustadhi Shehata!"

"Nauliza tu. Kuuliza si ujinga." Akalamba kidole, akaanza. Alisoma kila ukurasa kwa midomo. Akafika mwisho, akaiangalia jumla, akasogeza kiti mpaka kwenye kompyuta, akaangalia chini kabisa ya folda, pale inapoandika yamo mafaili mangapi. Akaangalia karatasi. Akaangalia folda. Akavuta pumzi.

Bi Inshirah aliijua pumzi ile. Ndiyo pumzi ya panga la feni.

"Limezidi moja," akasema Shehata.

"Limezidi nini?"

"Kwenye karatasi yako jumla ni hii. Kwenye folda kuna hiyo na moja zaidi. Una faili moja la ziada, Hajjat."

"Ziada si nzuri? Si bora kuliko pungufu?"

Alimwangalia kwa huruma, kama daktari. "Pungufu unalipa, tunasameheana. Ziada ndiyo wanayokuhoji. Imetoka wapi? Nani kaileta? Kwa nini haikuandikwa? Mimi ziada ya ndoo moja ilinipeleka kwa wachunguzi miezi mizima."

Wakatafuta. Mervat anasoma skrini, Bi Inshirah anafuata kwenye karatasi na rula, jasho likimtiririka mgongoni. Mfereji wa huku, upo. Mfereji wa kule, upo. Walikuwa hawajafika hata robo Mervat aliposimamisha kidole kwenye skrini.

"Mama," akasema. "Ni orodha."

"Orodha gani?"

"Orodha yenyewe. Umeihifadhi humu humu ndani ya folda."

Ndivyo ilivyokuwa. Na asilaumiwe, maana ofisini kwetu kila chumba kina orodha ya vitu vyake inaning'inia nyuma ya mlango, na Shehata ndiye aliyewafundisha wote kwamba karatasi ya mali hukaa na mali yake. Mkono wake Bi Inshirah ulifanya ulichofunzwa. Aliyanakili majina, kisha akaiweka orodha mle mle, na hapo folda ikawa na faili moja ambalo orodha haikulijua.

Bi Inshirah akacheka kwa sauti. Mzigo wote ule, kumbe! "Basi nalifuta," akasema, akashika kipanya.

Mkono wa Shehata ukatua juu ya kipanya kabla yake. "Unafuta nini?"

"Orodha. Nalifuta faili, hesabu inalingana, unatia sahihi, nakwenda zangu."

"Kitu kikishaingia kwenye dhamana hakifutwi hivi hivi. Kinafutwa na kamati ya ufutaji."

"Kamati ya nini?"

"Ya ufutaji. Inakaa baada ya Idi."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na sisi Firauni ni wa nyumbani. Mervat alikaa chini. Bi Inshirah alijaribu kusema taratibu.

"Ustadhi. Hiyo orodha nyuma ya mlango. Viti, meza, kabati. Yenyewe imejihesabu?"

"Yenyewe, hapana."

"Haya!"

"Lakini fremu yake imehesabiwa. Soma mstari wa mwisho."

Mervat akainuka akasoma. Ilikuwepo. *Fremu moja ya mbao, pamoja na kioo chake.*

Hapo maji yalifika shingoni, yakapita. Mwanamke aliyemwomba radhi hadi wifi yake alisimama katikati ya chumba, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, na sauti yake ilisikika mpaka kwa wahasibu.

"Nisikilize, Shehata! Leo ustadhi sikuiti. Dada yangu ana macho ya kuona mwaka huu, mwakani hana. Amenilea kwa mkono wake, anataka kuiona Kaaba kabla giza halijamfunga, na wewe unamzuia kwa faili lisilo na hata uzito wa nzi! Wivu umekujaa! Jina lako halikutoka, basi na sisi tusiende! Wallahi nikifika, na nitafika, nitashika pazia la Kaaba nikushtaki kwa Mwenyewe. Kwa jina lako na kwa jina la mama yako!"

Mervat akaziba mdomo kwa mkono. Kushtakiwa pale si mchezo. Kuna watu wamefilisika.

Shehata alivua miwani. "Jina la mama yangu hulijui," akasema polepole.

"Mungu analijua!"

Kutoka msikitini adhana ya adhuhuri ikaanza. Shehata akaivaa miwani tena, akainuka, akanyoosha shati. "Nakwenda kuswali," akasema, akatoka.

Swala ya Shehata ofisi nzima inaijua. Anatawadha kama anayeosha maiti. Bi Inshirah aliketi kwenye kiti ambacho hata si chake tena, ameshakikabidhi, na akalia bila kujificha. Analia kwa hasira, analia kwa aibu pia, maana Hija yake ameshaichafua kabla ya kuianza. Mervat akamletea chai, ikapoa. Simu ikalia tena, Hamdiya, hakuipokea. Angemwambia nini? Rudisha sabuni?

"Twende kwa mkurugenzi," akasema Mervat.

"Mkurugenzi yuko kwenye semina."

"Tufute tu, mama. Hayupo. Nani atajua?"

Bi Inshirah alikiangalia kipanya. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Hakumwogopa Shehata. Aliwaza tu kwamba hawezi kutoka hapa kwenda kule na kitu alichokifuta kwa kuvizia. Basi akangoja, na ngoja ngoja huumiza matumbo kweli kweli.

Adhana ilikwisha zamani, watu walishatoka msikitini, wahasibu walishafunga madirisha yao. Ndipo Shehata akaingia, anahema, shati limelowa mgongoni kama mtu aliyekimbia. Akaweka karatasi moja juu ya meza, mbele ya Bi Inshirah.

Barua ya kutodaiwa, mistari yake minne. Na chini, upande wa kushoto, tai. Muhuri bado mbichi.

Bi Inshirah aliangalia mara mbili. Mahali pa sahihi ya mtunza ghala palikuwa patupu. Katika miaka yote hakuwahi kuona Shehata akikubali muhuri utangulie sahihi. Mhasibu mmoja aliwahi kujaribu, akapelekewa barua ya onyo.

"Yule wa muhuri alikuwa ameshapanda gari," akasema Shehata, akipangusa shingo. "Nimemshusha barabarani. Katukana."

"Ustadhi..."

"Sasa. Ziada ikionekana wakati wa kukabidhiana, kabla ya sahihi, inaruhusiwa kuongezwa kwa mkono. Nilikuwa nimeisahau hiyo. Chukua kalamu. Andika mstari wa mwisho."

Akaandika, chini ya vijifereji vyote vya vitunguu, kwa mkono wake: *Orodha, faili moja.* Akarekebisha jumla. Shehata akahesabu, akalinganisha na folda, akahesabu tena, maskini ya Mungu hata saa ile akahesabu tena, halafu akatia sahihi. Mervat akatia. Bi Inshirah akatia. Ukurasa kwa ukurasa, kalamu zikigongana. Mwisho Shehata akavuta ile barua, akatia sahihi yake mahali palipokuwa patupu.

"Mervat, kimbia ukamsimamishe dereva wa tuktuk," akasema. "Mwambie mpaka ofisi ya safari, asipite sokoni."

Mervat akakimbia. Visigino vyake vikasikika ngazini, vikapotea. Bi Inshirah akakunja barua, akaitia kwenye pochi pamoja na vile vikaratasi vya majina. Alijua anatakiwa kusema neno. Neno lilikuwa moja tu, alishalisema kwa mtaa mzima, na hapa lilimkwama.

"Nisamehe," akasema.

"Mungu atusamehe sote." Shehata alikwenda akafunga mlango. Fremu ikayumba kwenye msumari. Akarudi, akasimama, akatazama printa.

"Kumi na moja," akasema. "Mara kumi na moja nimeingiza jina. Wivu ulikuwepo, sikatai. Lakini orodha ningekudai hata kama ungekuwa unakwenda sokoni."

Bi Inshirah akacheka kidogo, huku kamasi zinamtoka. "Hilo naliamini."

"Niombee niitwe."

"Nitakuombea, ustadhi. Wallahi nitakuombea." Kisha akakumbuka, akasita. "Shehata mwana wa nani?"

Shehata aliangalia mlango, ingawa ameufunga mwenyewe. Akainama. Alimwambia jina la mama yake sikioni, mara moja, kwa sauti ndogo kabisa. Lilikuwa jina la kizamani, la wanawake wa mashambani, zuri. Mimi silitaji hapa, na nisiulizwe.

Bi Inshirah alifungua pochi, akatoa kalamu na kipande cha karatasi ili asilisahau, kama alivyofanya kwa wengine. Shehata akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hapana, Hajjat," akasema. "Hili usiliandike popote. Lishike tu."

Chini Mervat alikuwa anapiga kelele kwamba tuktuk iko tayari. Bi Inshirah alishuka ngazi ameikumbatia pochi, akapanda, wakaondoka wakipita nyuma ya mfereji kukwepa soko. Simu ikalia, Hamdiya, akaipokea, akasema, "Ninayo, dada, ninayo, niache kwanza nina kitu kichwani," akakata. Njia nzima midomo yake ilikuwa inakwenda. Dereva alidhani anasoma dua, akapunguza sauti ya redio.